Nguo ya Kulalia Hupimwa Kwenye Kopo

Juzi mjukuu wangu, yule anayeuza nguo za watoto pale Karatu mjini, alinionyesha nguo ya kulalia ya mtoto wa chekechea. Mpya, laini, kipande kimoja kuanzia shingoni hadi miguuni, na picha ya twiga kifuani. Nikaigeuza. Nikakuta vifungo vimejipanga mgongoni kutoka shingoni hadi makalioni. Vijana, nilishtuka hadi nikatafuta pa kukaa.

"Aako, una nini? Presha?" akaniuliza. Huku kwetu aako ni babu.

Nikamwambia siyo presha, ni vifungo. Akacheka, akaenda kumhudumia mteja. Babu akishtushwa na vifungo, watu huona uzee umemwingia, basi.

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Ninyi mnaoshona nguo za watoto, na ninyi mnaozinunua, nivumilieni kidogo. Nimekaa nyuma ya cherehani Karatu tangu miaka ya sabini, mpaka magoti yalipokataa kukanyaga. Nimeshona suti za maharusi, majoho ya kwaya, sare za shule, hata turubai la Land Rover ya watalii wanaokwenda kreta ya Ngorongoro. Hakuna kazi iliyonishtua mara nyingi kama nguo ya kulalia ya mtoto wa miaka minne.

Mtoto mchanga hana taabu, yuko kwenye nepi. Mkubwa anajimudu. Taabu iko kwa huyu wa katikati, ambaye ameshajua kuamka akibanwa na mkojo, mama yake ameshajisifu kwa majirani, lakini vidole vyake bado havijajua kazi. Na kumbukeni Karatu ya enzi zile. Choo kilikuwa nje, mbali na nyumba, kwenye baridi inayoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro, na fisi wanapita uani kama wapangaji. Hakuna aliyemtoa mtoto nje usiku. Kila nyumba ilikuwa na kopo nyuma ya mlango, la samli au la rangi, limesuguliwa likatakata. Mtoto alifundishwa kushuka kitandani, kulipapasa kopo gizani, kumaliza shida yake na kurudi kulala. Aliyeweza hayo alihesabiwa mtu. Aliyekojolea godoro alikuwa balaa la nyumba nzima, maana godoro la maganda ya mahindi likilowa mwezi wa sita, ukungu ukiwa umetulalia mpaka mchana, utalikausha wapi?

Kazi nilifundishwa na Fundi Ramadhani, mtu wa Kondoa, mswalihina, mkali wa maneno lakini hakuwahi kuinua mkono. Mimi nilikuwa kijana wa Kiiraqw kutoka Mbulu, najua ng'ombe na jembe, sijui hata uzi unaingia upande gani wa sindano. Tulikaa kwenye kibaraza cha duka kando ya barabara, vumbi jekundu likitupaka sote rangi moja.

Siku mama mmoja alipoleta mtoto ashonewe nguo za kulalia, nikachukua futi kwa madaha nianze kupima. Fundi Ramadhani akaninyang'anya. Akainama chini ya cherehani, akatoa kopo. Nikadhani lina vifungo. Akaliweka mwisho wa kibaraza, akamvalisha mtoto suruali ya mfano, kisha akapaza sauti, "Umeshikwa! Umeshikwa na mkojo! Kimbia!"

Jamani. Mtu mzima, kofia ya kiua kichwani, barabarani, mchana kweupe! Mtoto akatimka, akafika kwenye kopo, akahangaika na kiuno cha suruali huku anaruka-ruka. Wapita njia wakasimama. Gari la watalii likapunguza mwendo, Mzungu mmoja akatoa kamera. Mimi nilitamani kibaraza kinimeze. Nilijua nimeangukia kwa fundi mwehu.

Mama na mtoto walipoondoka, akaniambia, "Paulo, usimpime mtoto akiwa amesimama ametulia. Hiyo ni nguo ya kulalia. Ipime inavyotoka. Ikichelewa kutoka, umemtengenezea mtoto mtego."

Nimeshona maisha yangu yote kwa maneno hayo. Shoneni vipande viwili, blauzi na suruali, hata kama mteja anataka kimoja kwa sababu kinapendeza. Kiunoni wekeni lastiki laini, na ijaribuni hivi: mtoto mwenyewe atie vidole gumba vyake pande mbili, asukume chini. Ikigoma, ilegezeni. Msiweke kamba, kwa sababu mtoto aliyebanwa akivuta kamba anakaza fundo. Suruali iishie juu ya kifundo cha mguu, asijikwae akiamka na usingizi, na pindo liwe pana ili mwakani literemshwe. Blauzi iwe ndefu ifunike tumbo, maana baridi ya huku huingilia tumboni. Shingo iwe pana. Kitambaa kiwe flaneli au pamba nzito. Halafu wekeni mfuko mmoja mbele, upande wa kulia. Siyo wa kuwekea kitu. Ni wa kupapaswa gizani, mtoto ajue mbele ni wapi.

Yupo yeyo mmoja wa Nainokanoka, mama wa Kimasai aliyekuwa akishuka Karatu kununua unga, ambaye siku moja alisimama akatutazama tukimpima mtoto na kopo letu. Alicheka mpaka hereni zikalia.

"Nyinyi watu wa cherehani mnajitesa," akasema. "Mtoto wangu ana shuka. Anafunua, amemaliza."

Fundi Ramadhani akaweka chini mkasi. "Yeyo, umesema kweli. Lakini akijigeuza kitandani shuka likabaki kule, si anaganda?"

"Analala katikati ya ndugu zake. Ataganda saa ngapi?"

Fundi akauchukua tena mkasi wake. Tangu siku hiyo akawa anasema mtoto wa Kimasai ndiye aliyetushinda, sisi wengine tunajaribu kumfikia.

Sasa ile miaka ya uhaba. Ninyi mkikosa lastiki mnapiga simu Arusha. Sisi ilifika wakati haikuwepo Arusha, haikuwepo Moshi, haikuwepo popote. Hata uzi tulikuwa tunafumua magunia. Mafundi wa Karatu tukagundua dawa, tukakata tyubu za baiskeli vipande vyembamba, tukavipitisha kiunoni. Vilivutika vizuri ajabu, tukajipongeza. Asubuhi yake kina mama watatu wakaja mbio na watoto mgongoni, wamewavua nguo kwenye baridi ile ile. Kila mtoto alikuwa na mstari mweusi tii kuzunguka kiuno. Mmoja alishampitisha wa kwake zahanati. Mganga wa zamu alikuwa ameufuta kwa pamba na spiriti, akanusa pamba, akamwambia mama, "Mtoto wako ana ugonjwa wa baiskeli." Kwa muda mrefu watu wa Karatu walinisalimia kwa kengele ya baiskeli. Mkilazimika kutumia kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ngozi ya mtoto, kizungusheni kitambaa kwanza.

Nimewachekesha. Ninalotaka kuwaambia halichekeshi.

Fundi Ramadhani alikuwa ameshazeeka na kurudi kwao Kondoa. Aliniachia cherehani, mkasi na kopo. Kopo nililiona aibu kidogo lakini sikuthubutu kulitupa. Katikati ya miaka ya themanini, nguo za mitumba, ambazo wakati ule tuliziita kafaulaya, zikaanza kumwagika mnadani. Ndani yake zilikuja nguo za kulalia za kipande kimoja, nene, zenye soksi zake, na zipu ndefu. Watu walizigombania. Kwa vibarua wa mashamba ya kahawa, waliotoka Singida na Dodoma kwenye joto, baridi ya chini ya msitu ilikuwa adui, na nguo ile ilionekana ndiyo wokovu.

Asubuhi moja, msimu wa kuchuma, alikuja Mama Zaituni. Walikuwa Wanyaturu kutoka Singida, yeye na mumewe, vibarua wa shamba moja la kahawa. Nilimfahamu kwa sababu nilimshonea kanga za kubebea mtoto, alikuwa amejifungua miezi ya karibuni. Mgongoni alimbeba mchanga. Mkononi alimshika Zaituni, binti wa miaka minne, amevaa nguo ile ya kafaulaya ya rangi ya samawati. Kwapani alikuwa na mfuko wa nailoni.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, mama. Habari za shamba?"

"Nzuri tu. Naomba unikatie nailoni hii, unishonee kwa ndani ya nguo ya mtoto, hapa makalioni."

Nikaupokea mfuko, nikaunusa. Nilishtuka mpaka nikautupa chini. Ulikuwa ule wa ndani ya gunia la mbolea.

"Mama! Hii ilikuwa na mbolea!"

"Nimeufua, fundi."

"Umeufua! Unataka kumvalisha mtoto mbolea kwenye ngozi? Umeniona mimi fundi wa namna gani?" Nilifoka, nakubali. Watu wa duka walichungulia.

Akaanza kulia taratibu, bila sauti, ili mchanga asiamke. Akanieleza. Zaituni alikuwa ameacha kukojoa kitandani zamani, akiamka mwenyewe usiku, anakwenda kwenye kopo, anarudi. Hata majirani walimsifu. Mara mdogo wake alipozaliwa na baridi ikaanza, mtoto akaharibika. Kila usiku analowa. Wana kitanda kimoja, godoro moja, na mchanga juu yake anakohoa. Wamemsema, wamemchapa, haachi. Basi baba yake ameamua arudishwe kwa bibi yake Singida. Lori la vitunguu lilikuwa sokoni linapakia, linaondoka leo, na mama mmoja wa kwao amekubali kumbeba. Nailoni ilikuwa ya safarini, asimwaibishe yule mama kwenye lori.

"Atarudi lini?" nikauliza.

Akamkaza mchanga mgongoni. Wote tunajua kibarua anayemrudisha mtoto kwao humwona tena lini.

Nikamtazama Zaituni. Midomo yake ilikuwa imepasuka, mikavu kama udongo wa kiangazi.

"Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Maji tu. Tumemkatalia maji kuanzia mchana, na uji wa jioni tumeuacha, labda itasaidia."

Mtoto wa miaka minne, anashinda shambani, anafungiwa maji! Na mama huyu hakuwa mkatili. Alikuwa mama kama mama zenu, amechoka, anaogopa kumpoteza mmoja akiwa anamlinda mwingine.

Hapo akafika Baba Zaituni, mrefu, koti la mvua begani, anahema. "Fundi, fanya haraka. Lori linajaza."

Nikamwambia atulie kwanza. Nikamwuliza mtoto amekuwaje.

"Ni kiburi," akasema. "Kukojoa ningevumilia, ni mtoto. Lakini dharau! Nikiamka alfajiri namkuta amesimama kando yangu, amelowa, amenigeuzia mgongo. Namwita, hageuki. Namsema, ananipa mgongo tu. Mtoto wa miaka minne anampa baba yake mgongo! Kwetu hata mtu mzima hafanyi hivyo. Bibi yake atamnyoosha."

Nikafanya kile nilichofundishwa. Nikainama, nikatoa kopo la Fundi Ramadhani, nikaliweka mwisho wa kibaraza.

"Fundi, unafanya nini?" akauliza baba.

"Nguo ya kulalia siishoni bila kuipima," nikasema. Nikachuchumaa mbele ya mtoto. "Zaituni, mama, umeshikwa na mkojo. Haya, kimbia!"

Watoto wote hukimbia. Wengine hucheka, wengine hulia, lakini hukimbia. Zaituni hakukimbia. Alilitazama kopo. Alibana miguu, na nikaona kwamba hanichezei, mtoto amebanwa kweli. Kisha akatembea polepole, hatua ndogo ndogo, akalipita kopo, akaenda mpaka mbele ya baba yake. Akageuka. Akampa mgongo. Akainamisha kichwa, akasimama kimya.

"Unaona?" baba akapiga kelele. "Umeona kwa macho yako? Hivyo hivyo kila siku!" Mkono ukapanda juu.

Na mimi nilikuwa nimechuchumaa pale chini, macho yangu sawasawa na shingo ya mtoto. Nikaona kidude cha zipu. Kilikuwa juu kabisa, chini ya kisogo. Zipu ilianzia pale ikateremka mgongoni mpaka chini. Walikuwa wamemvalisha nyuma mbele. Nywele ndogo za kisogoni alikuwa amezisogeza pembeni kwa mkono wake, zisije zikanaswa.

"Baba Zaituni," nikasema. "Anakuomba umfungulie zipu."

Mkono wake ulibaki juu.

Mama Zaituni akasema taratibu, kana kwamba anaulizwa mahakamani, "Gauni zote zipu ni mgongoni. Gauni langu la harusi, sare za shule, zote. Mimi nikajua ni mgongoni."

Alikuwa na haki. Nguo gani ya kike aliyowahi kuiona yenye zipu mbele? Hata mimi nilikuwa nimemtazama mtoto tangu alipofika nisione kitu. Nguo ile haikuja na mtu wa kueleza.

Baba akashusha mkono, akashika zipu. Haikufunguka. Alivuta tena, imenasa flaneli. Mwanamume aliyezoea kubeba magunia ya kahawa aliweka koti chini, akapiga magoti, akatumia mikono miwili, na bado ilimchukua muda. Mtoto alisubiri bila kutikisika. Ilipofunguka, aliruka nje ya nguo ile kama aliyefunguliwa pingu, akakimbia uchi kwenye baridi mpaka kwenye kopo, akachuchumaa. Tukasikia. Mkojo ulikuwa kidogo tu, na nilipotazama baadaye ulikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Hakuna aliyecheka. Hata watu wa duka waliochungulia walirudi ndani.

Nikamfunika mtoto na kipande cha flaneli. Baba yake alikuwa bado amepiga magoti.

"Mbona hukusema, mama?" akamwuliza. "Mbona ulinyamaza?"

Zaituni akamtazama kwa mshangao, kama anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Ulisema nisimwamshe mtoto."

Vijana wangu, nimesikia mengi kwenye kibaraza kile. Nimesikia habari za vifo nikiwa na nguo ya marehemu mkononi. Hakuna maneno yaliyonipiga kama hayo. Kila usiku mtoto yule alifanya yote aliyofundishwa. Aliamka, alishuka, hakupiga kelele, alikwenda kwa mtu mwenye mikono mikubwa, akampa zipu, akangoja. Na yule mtu alikuwa amelala.

Lori likapiga honi sokoni. Likapiga tena. Baba Zaituni hakugeuza hata kichwa.

Nilichukua mkasi, nikaikata ile nguo kiunoni mbele yao, zipu na yote. Sikuwauliza. Juu ikawa blauzi, nikaishonea kipande cha chini kifunike tumbo. Chini ikawa suruali, nikazikata zile soksi, nikatia lastiki yangu ya akiba laini kuliko zote, na mfuko mmoja mbele upande wa kulia. Nilipomaliza nikamvalisha, nikamwambia akimbie. Safari hii alikimbia, vidole gumba kiunoni, akakaa kwenye kopo ingawa hakuwa na kitu cha kutoa. Akarudia mwenyewe, bila kuambiwa. Akarudia tena.

Muuza chai wa jirani alikuwa amemletea kikombe cha maji. Zaituni alikipokea kwa mikono miwili, akakileta hadi mdomoni. Hakunywa. Alimtazama baba yake juu ya kikombe, anangoja.

Yule mwanamume akaziba macho kwa kiganja. "Kunywa," akasema. "Kunywa, mama yangu. Kunywa yote."

Akanywa yote, akanyoosha kikombe apewe mengine.

Kopo la Fundi Ramadhani bado ninalo, limeshika kutu kidogo pembeni. Kesho asubuhi nakwenda nalo dukani kwa mjukuu wangu, nitaliweka katikati ya sakafu yake ya vigae, na yule twiga wake mwenye vifungo mgongoni atapimwa mbele ya wateja. Atanionea aibu. Nami siku ile ya kwanza niliona aibu.